Dona au sembe? Machapisho ya watafiti wawili na gunia la mahindi la Ruvuma

Kila msimu wa mavuno unapoisha, swali moja hurudi katika vipindi vyetu vya kilimo na afya. Msikilizaji anasema: kliniki tumeambiwa tule dona, kwa sababu ina virutubisho na inalainisha choo. Halafu bwana shamba anakuja kijijini na kutuambia kwamba sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda la punje, kwa hiyo tukoboe. Wote wawili wamesoma. Sasa tumsikilize nani?

Swali hili si dogo kwetu. Ruvuma ni mmoja wa mikoa inayolisha nchi. Mahindi ya Songea, Namtumbo, Madaba na Mbinga yanajaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, na malori ya wafanyabiashara. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa watoto 44 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 mkoani kwetu walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionyesha nafuu: takriban watoto 36 katika kila 100 kwa Ruvuma, na 30 kwa nchi nzima. Nafuu ipo. Hata hivyo, bado zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu ni mfupi kuliko anavyopaswa kuwa kwa umri wake, na anaishi katika mkoa wenye ghala lililojaa.

Ili kulijibu swali la dona na sembe, tumepitia machapisho ya watafiti wawili waliofanya kazi katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Mmoja ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda. Wa pili ni Martin Kimanya, Mtanzania, mtaalamu wa usalama wa chakula, ambaye utafiti wake mmoja ulichukua mahindi kutoka nyumba za vijijini katika mikoa minne, Ruvuma ikiwamo. Ukisoma kichwa cha habari tu, watu hawa wawili wanapingana. Ukisoma kazi zao hatua kwa hatua, unakuta kila mmoja alikuwa akijibu swali lake.

Chapisho ni nini, na kwa nini tuhesabu hatua

Mtafiti hatakiwi kuishia kusema tu. Anaandika alichofanya: alipima watu wangapi, wapi, kwa njia gani, na alipata nini. Andiko hilo hupelekwa kwenye jarida la kisayansi, na wataalamu wengine hulikagua kabla halijachapishwa. Likishachapishwa, mtu yeyote duniani anaweza kulipinga au kurudia kazi ile aone kama atapata jibu lile lile.

Mtafiti anaweza kuwa na machapisho mengi. Wingi huo peke yake hautuambii kitu. Cha kuangalia ni kama kazi zake zinapanda ngazi. Ngazi ya kwanza ni kuona jambo: hapa kuna ugonjwa, pale hakuna. Ya pili ni kupima: chakula kina nini, watu wanakula kiasi gani. Ya tatu ni kufuatilia watu wale wale kwa muda. Ya nne ni kujaribu: kundi hili libadilishe kitu, lile liendelee kama kawaida, halafu tulinganishe. Anayeishia ngazi ya kwanza ana dhana tu. Anayefika ya nne ana ushahidi wenye nguvu zaidi.

Daktari aliyefuata ugonjwa kwa gari

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland, na alifika Uganda mwaka 1946. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya kwa namna asiyoielewa. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu uvimbe huo katika jarida la upasuaji la Uingereza. Leo saratani hiyo ya watoto inaitwa kwa jina lake.

Hakuishia hapo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda, wakapita Tanganyika na nchi nyingine hadi Afrika Kusini. Katika kila hospitali waliuliza swali moja: mmewahi kuona watoto wenye uvimbe huu? Majibu waliyaweka kwenye ramani. Ugonjwa ulionekana zaidi kwenye maeneo ya joto na mvua, yenye malaria kwa wingi.

Kazi hiyo ya kulinganisha mahali na mahali ndiyo aliyoirudia baadaye kwenye chakula. Aliporudi Uingereza mwaka 1966, alianza kujiuliza kwa nini kidole tumbo, bawasiri, kufunga choo na saratani ya utumbo mpana vilikuwa vingi kule na vichache katika hospitali za vijijini Afrika. Mwaka 1972 yeye, Alec Walker na Neil Painter walichapisha katika jarida la Lancet vipimo ambavyo wengine waliona aibu hata kuvitaja: uzito wa choo cha mtu kwa siku, na muda chakula kinaotumia tumboni. Wanavijiji wa Uganda walipata choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa takriban siku moja na nusu. Mabaharia wa Uingereza na wake zao walipata kama gramu 100, na chakula kilikaa zaidi ya siku tatu. Tofauti, alisema Burkitt, ni nyuzinyuzi: yale makapi ya nafaka, maharage, mboga na matunda ambayo tumbo halisagi, lakini yanasukuma kila kitu mbele.

Kazi hiyo iliupa nguvu ushauri wa kula nafaka isiyokobolewa, ushauri ambao leo mama anaupata kliniki ya Peramiho au Namtumbo.

Je, ulithibitishwa? Safari yake haikuwa nyoofu. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 88,000 walisema hawakuona kwamba nyuzinyuzi zinakinga saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2003 utafiti wa nchi 10 za Ulaya, wenye watu zaidi ya 500,000, ulisema zinakinga. Mwaka 2019 uchambuzi mkubwa ulioombwa na Shirika la Afya Duniani ulikusanya tafiti nyingi pamoja na kuonyesha kuwa watu wanaokula nyuzinyuzi nyingi, hasa gramu 25 hadi 29 kwa siku, hupata magonjwa ya moyo, kisukari na saratani hiyo kwa kiwango cha chini zaidi. Burkitt alikuwa amefariki mwaka 1993. Wazo lake lilibaki na sehemu kubwa ya ukweli, ila lilichukua zaidi ya miaka 40 kupimwa.

Tuweke jambo moja wazi kabla hatujaendelea. Burkitt aliuliza kuhusu nafaka nzima na nafaka iliyokobolewa. Hakuuliza mahindi hayo yalikaushwa wapi.

Nyumba 120, na Ruvuma ikiwamo

Swali hilo la pili ndilo lililobebwa na Martin Kimanya. Alikuwa mtumishi wa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, akasomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kisha akawa mhadhiri na mtafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha.

Mwaka 2008 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya mahindi yaliyohifadhiwa katika nyumba 120 za vijijini. Nyumba hizo zilikuwa katika mikoa minne inayolima mahindi kwa wingi: Ruvuma, Iringa, Tabora na Kilimanjaro. Hayakuwa mahindi ya dukani wala ya ghala la serikali. Yalikuwa mahindi ya kula nyumbani.

Walitafuta aina mbili za sumukuvu. Ya kwanza ni fumonisini. Kuvu wake huanza shambani, hasa pale wadudu wanapotoboa hindi au hindi linapolowa likiwa bado kwenye bua. Ya pili ni aflatoksini, ambayo huweza kuanza shambani wakati wa ukame lakini huongezeka sana mahindi yanapohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Fumonisini ilionekana katika asilimia 52 ya sampuli, yaani zaidi ya nusu ya nyumba. Katika asilimia 15 ilizidi mikrogramu 1,000 kwa kilo, na sampuli iliyokuwa mbaya kuliko zote ilifika 11,048. Aflatoksini ilionekana katika asilimia 18 ya sampuli, na katika asilimia 12 ilizidi kiwango kinachoruhusiwa nchini, ambacho ni mikrogramu 10 kwa kilo. Sampuli mbaya zaidi ilikuwa na 158, karibu mara 16 ya kiwango hicho. Katika asilimia 10 ya nyumba, sumu zote mbili zilikuwa kwenye mahindi yale yale.

Mikrogramu 10 kwa kilo ni kitu gani? Chukua kilo ya mahindi kuwa na punje kama 3,000. Kiwango hicho ni sawa na punje 10 ndani ya magunia zaidi ya 3,000 ya kilo 100. Ni kidogo mno, huwezi kukiona wala kukionja. Kupika hakukiondoi, kwa kuwa sumu hizi zinavumilia moto wa jikoni. Ugali ukiiva vizuri unaua vijidudu, lakini sumu waliyoiacha kuvu inabaki.

Tuwe waangalifu na namba hizi. Nyumba 120 katika mikoa minne haziwezi kutuambia hali ya kila kata ya Ruvuma leo. Zinatuambia kwamba tatizo lilikuwapo majumbani, na halikuwa la kubahatisha. Hiyo ni ngazi ya pili: kupima.

Watoto wa Rombo

Ngazi ya tatu ilifuata mwaka 2010. Kimanya na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wachanga 215 wa wilaya ya Rombo, mkoani Kilimanjaro. Kati yao, 191 walikuwa wanakula vyakula vya mahindi. Unga wa watoto 131 ulikuwa na fumonisini. Watoto 26 walikuwa wanakula kiasi kinachozidi kile ambacho wataalamu wa kimataifa wanakiona kuwa salama kwa uzito wa mwili.

Walipofika mwaka mmoja, watoto waliokula kiasi hicho cha juu walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 kuliko wenzao, na wepesi kwa gramu 328. Sentimita 1.3 ni kama upana wa kidole. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mtoto wa mwaka mmoja ni dalili kwamba kuna kitu kimemrudisha nyuma wakati ambao mwili na ubongo vinajengwa kwa kasi.

Mwaka 2015 Candida Shirima, akishirikiana na Kimanya na wengine, alichapisha utafiti uliowafuatilia watoto 166 wa vijiji vitatu vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro. Safari hii hawakupima unga peke yake. Walipima sumu ndani ya miili ya watoto, kwenye mkojo na damu. Watoto wenye fumonisini nyingi zaidi walikuwa na urefu mdogo zaidi kwa umri wao. Kwa aflatoksini, dalili ilielekea upande huo huo, lakini haikuwa na nguvu ya kutosha kusema kwa uhakika. Waliandika hivyo hivyo, bila kuipamba.

Kisha ikaja ngazi ya nne. Mwaka 2018 Analice Kamala, Kimanya na wenzao walichapisha jaribio walilofanya Rombo. Familia za vijiji kadhaa zilifundishwa na kusaidiwa kufanya mambo ya kawaida: kuanika mahindi juu ya mkeka badala ya ardhini, kuyakausha vizuri juani, kuchagua na kutoa mabovu kwa mkono, kutumia dawa ya kuzuia wadudu ghalani, na kukoboa kabla ya kusaga. Familia za vijiji vingine ziliendelea na desturi zao. Kiasi cha sumu zote mbili walichokula watoto wa kundi la kwanza kilishuka kwa zaidi ya nusu, na uzito wao ulikuwa mzuri kuliko wa wenzao.

Hakuna mashine ya mamilioni katika orodha hiyo. Kuna mkeka, jua, mikono na dawa ya ghalani.

Pale majibu yanapogongana

Kama tungekoma hapa, tungesema sumukuvu ndiyo inayodumaza watoto wa Ruvuma, tatizo limekwisha. Tusingekuwa wakweli.

Mwaka huo huo wa 2018, watafiti wengine walichapisha jaribio lililofanyika katika vijiji 28 vya Meru na Tharaka-Nithi nchini Kenya. Familia zilibadilishiwa mahindi yenye aflatoksini zikapewa yaliyo salama. Sumu ndani ya damu ilipungua. Lakini mwisho wa utafiti, urefu wa watoto wa makundi hayo mawili haukuwa na tofauti iliyo wazi.

Je, Kimanya amekosea? Hapana, na watafiti wa Kenya pia hawajakosea. Jaribio la Kenya liligusa aflatoksini, wakati dalili yenye nguvu zaidi katika kazi za Tanzania ilikuwa ya fumonisini. Jaribio la Rombo lilionyesha uzito, na urefu ni suala lenye njia ndefu zaidi. Tena udumavu una sababu nyingi: mama kukosa chakula cha kutosha akiwa mjamzito, uji mwepesi wa mahindi matupu, kuhara mara kwa mara, malaria, maji machafu, na mama kurudi shambani mapema mno kwa sababu kazi haimngoji. Sumukuvu ni mzigo mmoja juu ya mizigo hiyo. Kuuondoa ni jambo jema, lakini hakuondoi mizigo mingine.

Ndiyo maana hatukubaliani na maneno yanayosikika wakati mwingine kwenye mikutano, kwamba mama wa Ruvuma ana chakula ila hajui kulisha. Mama hawezi kuiona fumonisini. Hakuna mzazi aliyewahi kuambiwa na jicho lake kwamba unga huu mweupe una tatizo.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo halina ubishi. Aflatoksini inasababisha saratani ya ini, na hatari huzidi sana kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Ndiyo sababu nyingine ya kuhakikisha mtoto anamaliza chanjo zake, kwa kuwa kinga ya ugonjwa huo imo ndani yake. Na ikiliwa kwa wingi, aflatoksini huua kwa siku chache. Mwaka 2004 Wakenya 125 walifariki kati ya 317 waliougua. Mwaka 2016 hapa kwetu, Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na wakafa 20.

Sasa, dona au sembe?

Turudi kwa msikilizaji wetu. Burkitt anasema ganda lina faida. Kimanya na wenzake wanasema ganda ndilo linalobeba sehemu kubwa ya sumu. Wote wako sahihi, kwa sababu wanazungumzia ganda lile lile la mahindi ambayo hayako katika hali moja.

Kama mahindi yamevunwa yamekomaa, yamekaushwa juu ya turubai au kichanja, yamechaguliwa na kuhifadhiwa makavu, dona ni chakula bora. Kama mahindi yamelowa, yamelala ardhini, yametobolewa na wadudu au yana punje zilizobadilika rangi, kukoboa kunapunguza sumu. Hakuimalizi, lakini kunaipunguza. Kwa mahindi ambayo huna uhakika nayo, hasa kwa uji wa mtoto mdogo, koboa. Nyuzinyuzi zilizopotea zitafute kwenye maharage, mboga za majani, mihogo, maparachichi na ulezi. Hivyo vyote vipo Ruvuma.

Kwa hiyo swali la dona na sembe huamuliwa kabla hujafika mashineni. Huamuliwa mwezi wa sita, wa saba na wa nane, uwanjani kwako.

Mambo ya kushika ni haya. Vuna mahindi yanapokomaa na kukauka, usiyaache yasubiri mvua. Usiyaanike wala kuyapukuchua juu ya udongo mtupu. Ukiwa unamenya, tenga papo hapo hindi lililooza au lenye unga wa kijani, kijivu au waridi, maana hindi moja bovu linaweza kuchafua debe zima. Pima ukavu kwa chumvi: weka kwenye chupa kavu mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa, acha kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu. Yakikauka, tumia mifuko ya kinga njaa au gunia safi juu ya chaga, mbali na ukuta. Kama unatengeneza unga wa lishe, chagua karanga kwa uangalifu ule ule, kwani karanga nazo hushikwa sana na aflatoksini. Ulezi na mchele kwa kawaida huwa na sumu kidogo zaidi, kwa hiyo kuchanganya nafaka kunampa mtoto virutubisho zaidi na sumu pungufu.

Mahindi mabovu uliyotenga usiyageuze pombe. Kuchachusha na kuchemsha hakuiondoi sumu yote. Na ukimpa ng'ombe wa maziwa, sehemu ya sumu inarudi mezani kwenye kikombe.

Gunia linalobaki nyumbani

Kuna jambo ambalo hakuna mtafiti anayeweza kutuamulia. Mnunuzi anapofika kijijini, anachagua. Kituo cha kununulia nafaka kinapima unyevu, na mahindi yanayozidi asilimia 13.5 hayafikii ubora unaotakiwa Afrika Mashariki. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikafungua mpaka kwa masharti ya cheti, kila mfanyabiashara alijifunza kuchagua zaidi.

Hilo ni jema kwa soko. Lakini mahindi yaliyokataliwa huenda wapi? Mara nyingi yanarudi nyumbani. Gunia zuri linakwenda Dar es Salaam au linavuka mpaka, na gunia lililoachwa linasagwa kwa ajili ya watoto. Soko lina kipimo, lakini sufuria yetu haina.

Hatumlaumu mkulima. Ada ya shule na deni la mbolea havisubiri. Tunachosema ni kwamba familia inaweza kuligeuza jambo hili kwa uamuzi mmoja mdogo: kabla mnunuzi hajafika, tenga gunia moja au mawili yaliyo bora kuliko yote, yaliyochaguliwa punje kwa punje, liwe la mama mjamzito na watoto wa chini ya miaka miwili. Mtoto huyo hali sana. Gunia moja zuri linamfikisha mbali.

Na halmashauri zetu nazo zina deni. Chanjo tunapelekewa, mbegu tunapelekewa. Turubai la kuanikia na kifaa cha kupimia unyevu katika kila kijiji ni vitu vya kuulizwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kabla ya mavuno na si baada yake.

Ukisikia tena mtu akisema chakula fulani kinaleta ugonjwa au kinatibu, kwenye redio hii au kwenye simu, muulize maswali manne. Nani alipima? Alipima watu wangapi, na wapi? Kuna aliyerudia akapata jibu hilo hilo? Na kuna aliyepata jibu tofauti? Burkitt na Kimanya wanajibika kwa maswali hayo yote, hata pale jibu linapokuwa bado halijakamilika. Anayekuuzia dawa ya kusafisha tumbo stendi hajibiki hata kwa moja.